Timu Imefika Fainali na Haifungi: Dalili, Sababu na Marekebisho

Tarehe 3 Februari 2019, mjini Atlanta, Los Angeles Rams waliingia uwanjani kucheza Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani (American football), wakiwa wamefunga pointi 527 katika mechi 16 za msimu, karibu 33 kila mechi. Walitoka na 3. New England Patriots walishinda 13-3, na hizo pointi 16 za pande zote mbili ndizo chache kuliko zote katika historia ya Super Bowl.

Mimi nasaidia kufundisha watoto wa ukuta wa mbele katika timu ya sekondari huku Texas, na wazazi wengi wa hapa tunaongea nao Kiswahili. Kila Februari swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mzazi aliyekaa nami sebuleni au kwa ndugu wa Dar es Salaam aliyekesha, maana kule mechi huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu: "Kocha, hawa leo wamepatwa na nini?" Na kabla sijajibu, mtu keshajibu: kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, kaogopa. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu jibu hilo mara nyingi si kweli, na linamtwisha kijana mmoja mzigo wa watu 11. Uoga upo, lakini katika orodha yangu unakuja mwisho. Anza na ukuta.

Maneno nitakayotumia: timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapata mengine 4, ikiona haitafaulu huutoa mpira kwa teke ili mpinzani aanzie mbali. Kipindi chote timu inaposhika mpira nakiita zamu. Ukuta ni wale watu 5 wanaosimama mbele ya kwotabeki, na wavamizi ni wapinzani wanaokimbia kumwangusha. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani, ni pointi 6, na teke la nyongeza baada yake ni 1. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo ni 3. Kwa aliyekulia kwenye soka, 13-3 huonekana mabao mengi. Ukweli ni kwamba katika mechi ile ya Atlanta ilifungwa tachidauni moja tu, zikiwa zimebaki dakika 7.

Kabla ya yote: je, ni ugonjwa kweli?

Chukua karatasi. Kwa kila zamu andika mambo matatu: ilianzia yadi ya ngapi, jaribio la kwanza lilileta yadi ngapi, na zamu iliishaje. Timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hupata zamu 10 hadi 12 kwa mechi. Karatasi hiyo itakuokoa na nusu ya mabishano.

Zamu nyingi zikianzia ndani ya yadi 15 za upande wako mwenyewe, washambuliaji wako hawaumwi sana, wanapanda mlima. Tafuta tatizo kwa warudishaji wa mateke na kwa mpigaji wa mpinzani. Mechi ile ya Atlanta ndiyo yenye teke refu kuliko yote ya kuutoa mpira katika Super Bowl, yadi 65, la Johnny Hekker wa Rams. Teke la namna hiyo linamwanzisha mwenzio mbali mno na pointi.

Na yadi chache si lazima ziwe msiba. Februari 2016, Denver Broncos walibeba Super Bowl ya 50 kwa 24-10 huku washambuliaji wao wakipata yadi 194 tu mchezo mzima. Ulinzi wao ulifanya kazi ya pande mbili. Kama mpango wako ni huo na unaongoza, usirekebishe kisichovunjika.

Dalili ya 1: Kwotabeki anaangushwa, au anakimbia huku na huku kabla ya kutupa

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi, kwa sababu macho ya wote yanaufuata mpira.

*Sababu inayotokea mara nyingi: mtu wa ukuta ameumia, na aliyechukua nafasi yake ametolewa kwenye nafasi nyingine.*

Tazama Kansas City Chiefs mara mbili. Februari 2021, mjini Tampa, walipigwa 31-9 na Buccaneers bila kupata tachidauni hata moja, wakiwa na Patrick Mahomes yule yule aliyekuwa ametoka kubeba ubingwa. Eric Fisher, mtu wake wa ukuta wa pembeni kushoto, alikuwa amechanika kano ya kisigino wiki mbili kabla. Mitchell Schwartz wa kulia alikuwa nje kwa mgongo. Mike Remmers akahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na Andrew Wylie akatolewa ndani kupelekwa pembeni. Wengi wanakumbuka Mahomes akitupa mpira huku mwili wake unaelea sambamba na nyasi, wakasema alikuwa na siku mbaya. Mimi niliona pembe mbili za ukuta zimeachwa wazi.

Halafu Februari 2025, New Orleans, Chiefs tena, dhidi ya Philadelphia Eagles: 24-0 wakati wa mapumziko, 40-22 mwisho. Mahomes aliangushwa mara 6. Joe Thuney, mtu wa ndani hodari sana, alikuwa amehamishiwa pembeni kushoto. Eagles hawakuhitaji kutuma mvamizi hata mmoja wa ziada. Wavamizi 4 walitosha, na walinzi 7 wakabaki nyuma kufunika wapokeaji. Hapo ndipo hesabu inapokatisha tamaa: wapokeaji wasiozidi watano wanafunikwa na watu saba, na kwotabeki hana hata sekunde tatu.

Ukaguzi rahisi: acha kuutazama mpira. Kwa majaribio matano mfululizo, mtazame mtu wa pembeni kushoto peke yake, kisha majaribio matano mtu wa kulia. Anarudi nyuma kwa miguu ya haraka, au anageuza mabega na kukimbizana na mvamizi? Akigeuza mabega, amekwisha kupitwa.

Marekebisho, kutoka jepesi kwenda zito:

- Mweke mpokeaji mnene wa pembeni (wale wanaocheza karibu na ukuta) upande wa mtu dhaifu, ampige mvamizi bega kabla ya kwenda kupokea.
- Tupa mapema. Hatua tatu nyuma, mpira umetoka. Zisahau pasi ndefu kwa robo nzima.
- Waache wavamizi wapite makusudi, kisha mpe mkimbiaji pasi fupi nyuma yao, ukuta ukimtangulia. Wavamizi wenye pupa hutulia wenyewe wakichezewa hivyo mara mbili.
- Kama yote yameshindwa, mhamishe kwotabeki: akimbie kulia au kushoto kwa mpango, ili wavamizi wasijue pa kumkuta.

Kinachoumiza kwenye mechi ya Tampa ni kwamba dawa hizi hazikunywewa mapema. Timu iliendelea kutafuta pasi ndefu zilizoizoesha ushindi.

*Sababu ya pili: ukuta uko sawa, lakini wapokeaji hawajinasui kwa walinzi.* Kwotabeki anaonekana kaganda na mpira mkononi. Saa ndiyo itakayokwambia. Akiangushwa chini ya sekunde mbili na nusu, kosa ni la ukuta. Akiangushwa baada ya sekunde nne, ukuta ulifanya kazi yake, na tatizo liko mbele. Nenda Dalili ya 2.

*Sababu ya tatu: mvamizi wa ziada hakuonekana.* Hili ni la mazungumzo kati ya kwotabeki, senta (mtu wa katikati ya ukuta anayeanzisha mpira) na mkimbiaji kabla mpira haujaanzishwa: nani anamchukua nani. Likitokea mara mbili kwenye pengo lile lile, waite watatu hao kwenye benchi, wachoreeni, mmoja wao arudie kwa sauti yake mwenyewe.

*Sababu ya nne: mwili wa kwotabeki.* Mahomes siku ile ya Tampa alicheza na jeraha la kidole gumba cha mguu lililofanyiwa upasuaji baadaye. Mtu asiyeweza kukanyaga vizuri hutupa kwa mkono peke yake, na mpira hupaa.

SIMAMA HAPA. Kama kwotabeki ameangushwa kwa nguvu, kisha ghafla anasahau mpangilio, anasimama upande usio wake, anauliza matokeo ni mangapi, analalamika kichwa au kizunguzungu, au macho yake hayatulii, achana na mbinu. Hilo linaweza kuwa mtikisiko wa ubongo. Mtoe, na harudi siku hiyo hata akilia, hata kama ni fainali, hata kama baba yake ndiye anayemsukuma arudi. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa wachezaji vijana, na ruhusa ya kurudi hutolewa na mtaalamu wa afya, si kocha. Akitapika, akiishiwa nguvu upande mmoja, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, akizidi kuchanganyikiwa au ikawa vigumu kumwamsha, piga 911 papo hapo. Akilalamikia shingo, asisogezwe na asivuliwe helmeti. Wasubirini wahudumu wa dharura.

Nimewahi kumwona kijana akitupa pasi tatu mfululizo kwa watu wa timu nyingine, uwanja mzima ukimzomea, na hakuna aliyemwuliza kama anaona vizuri. Tangu siku ile, kwangu ukaguzi wa mwili unatangulia ukaguzi wa ubao.

Dalili ya 2: Timu iliyofunga msimu mzima inaonekana imesahau kucheza

Hapa turudi Atlanta, kwa sababu hakuna mechi inayofundisha zaidi.

Zamu 8 za kwanza za Rams ziliisha zote kwa kuutoa mpira kwa teke. Kwotabeki Jared Goff alikamilisha pasi 19 kati ya 38 na kuangushwa mara 4. Mbio zote za timu zilikuwa yadi 62. Wapo walioandika kuwa kijana alizidiwa na ukubwa wa siku. Sawa, lakini rudi nyuma utafute chanzo.

*Sababu ya kwanza: dawa ya kukuzuia ilishavuja kabla ya fainali.* Desemba 2018, Chicago Bears, chini ya mwalimu wao wa ulinzi Vic Fangio, waliwabana Rams hao hao pointi 6, na Goff akatupa pasi 4 mikononi mwa wapinzani. Bears walibaki nyuma kwa ulinzi wa eneo na kuziba njia za mbio za pembeni. Mechi ile ilikuwa kengele. Bill Belichick na msaidizi wake Brian Flores waliisikia. Patriots walikuwa timu ya ulinzi wa mtu kwa mtu msimu mzima. Kwenye fainali wakageukia ulinzi wa eneo kwa sehemu kubwa na kupanga watu 6 kwenye mstari wa mbele, ili mbio za Todd Gurley zisipate mlango pembeni. Mbio zilipokufa, ule ujanja wa Rams wa kujifanya wanampa mkimbiaji kisha kutupa haukumdanganya mtu. (Fangio huyo huyo ndiye aliyeongoza ulinzi wa Eagles mwaka 2025. Sikushangaa.)

Ukaguzi rahisi: tafuta mechi yako mbaya kuliko zote za msimu, itazame tena wiki ya fainali, na ujiulize mpinzani akiinakili utafanya nini. Usipokuwa na jibu, unalo tatizo tayari, hata kama umeshinda mechi zote zilizofuata.

*Sababu ya pili: kwotabeki anasomewa ramani na mtu mwingine.* Katika NFL kocha anaongea na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Rams walikuwa wakijipanga mapema ili kocha Sean McVay, aliyekuwa na miaka 33, apate nafasi ya kuutazama ulinzi na kumwelekeza Goff. Patriots walisubiri sauti ikatike, ndipo wakabadili mpangilio. Kijana akabaki peke yake na picha mpya. Katika robo ya tatu Brandin Cooks alisimama peke yake ndani ya eneo la mwisho, hana mtu; Goff alimwona kwa kuchelewa, na Jason McCourty akakimbia kutoka mbali hadi akaugusa mpira. Nusu sekunde ile ndiyo bei ya kutokujisomea.

Marekebisho yake hayafanyiki siku ya fainali. Mazoezini, kuanzia wiki ya kwanza, nyamaza. Mwache kwotabeki ajipange, atazame, abadilishe mwenyewe, akosee. Watoto wetu wa bendera, wale wa 5 kwa 5 wanaonyofoa kitambaa kiunoni badala ya kuangushana, huwa wazuri kwa hili kwa sababu hakuna anayewanong'oneza.

*Sababu ya tatu: sura yako ni moja.* Rams walicheza karibu muda wote na kundi lile lile la wapokeaji watatu. Kundi moja ni zuri likikimbia; likikwama, mpinzani hana cha kuhofia kipya. Cooper Kupp, aliyekuwa uti wa mgongo wa kundi hilo, alikuwa ameumia goti tangu Novemba.

Sasa tazama upande wa pili wa uwanja ule ule, maana Patriots nao walikuwa wamekwama. Robo tatu zilipoisha ilikuwa 3-3. Katika robo ya nne waliwaingiza wachezaji wanene, wale wa kazi ya mbio. Rams wakajibu kwa kuingiza watu wao wazito. Kisha Patriots wakawatawanya wale wanene uwanja mzima na kurusha pasi, wakirudia mchezo ule ule mara kadhaa mfululizo, Rams wasiwe na wepesi wa kuufunika. Majaribio 5, yadi 69, Rob Gronkowski akadaka ya yadi 29 hadi yadi 2, Sony Michel akaingia. Kwangu mimi ile ndiyo zamu nzuri kuliko nyingi zinazosifiwa, kwa sababu ilibadili swali badala ya kurudia jibu.

Kwa timu ndogo, dawa ni ile ile: uwe na sura ya pili ambayo hukuionyesha msimu mzima, michezo mitatu tu, inayotoka kwa watu unaowaamini. Usilete michezo kumi mipya wiki ya fainali.

*Mwisho wa orodha: uoga.* Unaujua kwa alama yake. Mtu mwoga hukosea mambo ambayo hayahusiani na mpinzani: anaanzisha mapema, anashika mpira vibaya, anasahau mlinzi wake. Na huisha baada ya zamu mbili au tatu. Kinachoendelea robo nne nzima si uoga.

Dalili ya 3: Mbio hazitoki kabisa

Januari 1975, New Orleans, Minnesota Vikings walikimbia mara 21 dhidi ya Pittsburgh Steelers wakapata yadi 17. Sikukosea kuandika. Jumla ya yadi zao ilikuwa 119, na mapumziko yalifika kwa 2-0, zile pointi 2 anazopewa mpinzani ukikamatwa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe la mwisho. Walifungwa 16-6, na hata tachidauni yao moja ilitokana na teke lililozuiwa, si washambuliaji. Miaka kumi na moja baadaye New England walipata yadi 7 za mbio mbele ya Chicago Bears na kupigwa 46-10.

Mara nyingi ni watu wa kati: senta na wawili wa pembeni yake wanasukumwa nyuma. Kagua kwa kutazama miguu ya senta sekunde moja baada ya kuanzisha. Ikiwa nyuma ya pale alipokuwa amesimama, mkimbiaji wako hana hatia. Sababu ya pili ni kukimbia katika jaribio la kwanza kila zamu hadi watoto wa jirani wanajua. Karatasi yako itasema. Yadi chini ya 2 kwenye jaribio la kwanza mara tatu mfululizo? Mara ya nne tupa pasi fupi.

LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, walionyesha hali hii ikifika mwisho wake. Kwenye fainali ya vyuo ya Januari 2012 walifungwa 21-0 na Alabama, timu waliyoishinda Novemba. Jumla yao ilikuwa yadi 92, na mpira uliwavusha katikati ya uwanja katika robo ya nne tu. Hawakuwa na sura ya pili. Soma tena Dalili ya 2.

Dalili ya 4: Wanafika karibu, kisha wanarudi mikono mitupu

Hapa ukuta wako umeshafanya kazi. Chanzo kikubwa ni kupoteza mpira. Baltimore Colts walifika Super Bowl ya Januari 1969 wakiwa wameshinda mechi 13 na kupoteza 1 katika msimu, wakitabiriwa kuwashinda New York Jets kwa pointi 18. Walifungwa 16-7. Earl Morrall alitupa pasi 3 kwa wapinzani kabla ya mapumziko, na ya mwisho iliuma kuliko zote: Jimmy Orr alikuwa peke yake karibu na eneo la mwisho akipunga mikono, Morrall hakumwona. Miaka miwili baadaye, Colts hao hao na Dallas Cowboys walipoteza mpira mara 11 kwa pamoja, Colts wakashinda 16-13 kwa teke la Jim O'Brien la yadi 32. Mchezaji bora alitoka timu iliyoshindwa, Chuck Howley wa Dallas, mlinzi aliyenasa pasi mbili.

Ukaguzi: ilitokea kwenye jaribio la ngapi? Pasi za kunaswa nyingi huzaliwa jaribio la tatu lenye yadi nyingi, ambalo nalo lilizaliwa jaribio la kwanza lililoshindwa. Kwa hiyo rekebisha la kwanza. Mpira ukidondoshwa, tazama kiwiko cha mkimbiaji: kikiwa mbali na mbavu, ni mazoezi, si bahati.

Sababu ndogo ni mateke yanayokosa. Mpigaji aliyekosa moja mpe nafasi nyingine ya karibu. Mpigaji aliyekosa mbili upande ule ule, mwulize anayemshikia mpira kabla ya kumwuliza yeye.

Dalili ya 5: Adhabu na fujo kabla mchezo haujaanza

Denver waliweka rekodi ya pointi 606 katika msimu wa 2013. Kwenye Super Bowl ya Februari 2014 huko New Jersey, Peyton Manning alikuwa anasogea mbele kubadilisha mpangilio; kwa kelele, senta akaurusha mpira ukampita hadi eneo lao la mwisho. Sekunde 12 tu, Seattle 2, Denver 0. Iliisha 43-8.

Kelele kwanza, basi. Je, mna ishara ya kuanzisha isiyotegemea sauti, kama kuinua mguu au mtu wa ukuta aliye kando ya senta kumgusa? Kama hamna, mtaadhibiwa. Cha pili ni ukuta uliochoka au kuzidiwa, unaoanza kushika wavamizi kwa mikono. Hapo umerudi Dalili ya 1. Adhabu za ulinzi nazo huingia kwenye hesabu: Chiefs wa 2021 walipewa adhabu 8 zenye yadi 95 kabla ya mapumziko peke yake. Refa hapigiwi kelele. Kapteni mmoja, mtulivu, ndiye anayeuliza.

Dalili ya 6: Timu zote mbili hazifungi

Tazama chini, kisha juu. Desemba 1948, kwenye fainali ya NFL mjini Philadelphia, theluji ilikuwa nzito hadi wachezaji wakasaidia kuondoa turubai lililofunika uwanja. Eagles waliwashinda Chicago Cardinals 7-0, na tachidauni hiyo moja ya Steve Van Buren ilitokana na mpira uliodondoshwa karibu na eneo la Cardinals. Mwaka uliofuata, Los Angeles, ilikuwa mvua na matope: Eagles 14, Rams 0, na Van Buren akakimbia yadi 196 kwenye uwanja ambao Rams wote walipata 21. Matope yale yale, miguu tofauti. Aliyekuwa akikimbia moja kwa moja mbele alifika. Waliokuwa wakipinda waliteleza.

Rekebisho ninalolipenda kuliko yote ni la Desemba 1934, New York. Uwanja ulikuwa umeganda. Chicago Bears, ambao hawakuwa wamefungwa msimu mzima, waliongoza Giants 10-3 wakati wa mapumziko. Mtu alitumwa hadi Chuo cha Manhattan akarudi na viatu vya mpira wa kikapu. Giants wakabadilisha, na katika robo ya nne wakafunga pointi 27. Iliisha 30-13. Hawakubadili mchezo wowote; walibadili soli.

Kwa hiyo: fika uwanjani saa moja na nusu mapema, kimbia na uvunje mwendo ghafla kwenye pembe zote nne, maana kivuli cha jukwaa huacha upande mmoja umeganda. Beba njumu za meno marefu na fupi. Mpira uliolowa ufutwe kila baada ya jaribio. Punguza kupinda, ongeza mbio za katikati, na kwotabeki ashike mpira kwa mikono miwili hadi wakati wa kutupa.

SIMAMA HAPA PIA. Radi ikisikika, wote ndani ya jengo au magari, na dakika 30 zinahesabiwa upya kila ikinguruma tena. Mchezaji anayetetemeka bila kukoma, anayeongea kwa kuvuta maneno au ambaye vidole vyake vimekuwa vyeupe na havina hisia anapelekwa kwa mhudumu wa afya, si kwenye jiko la benchi. Na kama meno ya njumu hayazami ardhini hata kwa uzito wa mtu mzima, mwambie refa na msimamizi wa uwanja kabla sarafu haijarushwa.